Asiyekufa Akisahau, Wanaokufa ni Wengine

Mtu mwenye nguvu kuliko wote angani anafuga kondoo. Anaishi kwenye sayari ya pembezoni, mbali na majeshi na wanasiasa, kijana mwembamba mwenye nywele za kijani ambaye ukimtazama usoni hungempa hata miaka ishirini na mitano. Kisha ofisa wa jeshi la Shirikisho, Ryu Yamaki, anamfuata hukohuko na kumwomba arudi vitani. Filamu hiyo ya katuni ilitoka Japani Machi 1984, kazi ya studio ya Nippon Animation chini ya mwongozaji Hiroshi Fukutomi, na jina lake ni la shujaa mwenyewe: Chōjin Locke, yaani Locke aliyevuka mpaka wa ubinadamu.

Nimeitazama mara nyingi, na kila mara moyo wangu unakwama palepale, kwa wale kondoo. Kwa nini mtu aliyeishi karne kwa karne achague kazi ya kuchunga? Zamani nilijijibu kwamba amechoka na vita, basi. Siku hizi naona jibu ni zito kuliko hilo. Kondoo unaweza kumpenda leo, ukamtibu, ukambeba begani mvua ikinyesha, na hakuna atakayekuuliza baada ya miaka mia tatu kama bado unamkumbuka. Binadamu hatupendani hivyo. Anayependwa anadai kukumbukwa, na akishakufa anadai zaidi.

Locke ni espa. Katika hadithi za kisayansi za Kijapani neno hilo lina maana ya mtu mwenye nguvu za akili: anasoma mawazo ya wenzake, anasogeza vitu bila kuvigusa, anatoweka hapa na kutokea kule. Hayo hata maespa wengine wanayaweza. Kinachomtenga Locke ni kwamba nguvu zake zimeingia mpaka ndani ya mwili wake. Mwili ukichakaa anaurudisha ujanani, na safari nyingine unarudi nyuma kupita kiasi, mpaka utotoni. Gharama inaanzia hapo. Mwili ukirudi, pengine kumbukumbu isirudi nao. Aliyekuwa ameona falme zikiinuka na kuanguka anabaki mtoto asiyejua ametoka wapi.

Sisi wa Kiswahili shujaa wa namna hii si mgeni kwetu. Fumo Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Siri yake ilikuwa kitovuni, na sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe wa kumzaa ndiyo iliyommaliza. Muhamadi Kijumwa aliyatia hayo katika utenzi mwaka 1913, na tangu utotoni tumejua kwamba kila asiyeuawa ana mahali pamoja pa kuulika. Kitovu cha Locke ni kumbukumbu. Lakini Liyongo alipochomwa alikufa yeye, na mji mzima ukamlilia. Locke akichomwa anaamka mzima, mchanga, hana doa. Kilio ni cha nani basi?

Wapo wapenzi wa Locke wanaosema kule kusahau ni rehema. Hoja yao si nyepesi. Fikiria mtu aliyewazika wake, marafiki, wanafunzi na watoto wa kulea, karne baada ya karne. Akili gani ingeubeba mzigo huo bila kupasuka? Wanasema mwili wa Locke una hekima ya kujisafisha, kama vile jeraha linavyofunga. Wengine wanaona ni ujanja wa mtunzi tu: shujaa akijaa historia kupita kiasi, mfutie kumbukumbu uanze naye upya, na msomaji mpya aingie bila kuachwa nyuma. Nakiri kwamba upoteaji wa kumbukumbu umechakazwa vibaya na watunzi wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani. Umekuwa mlango wa dharura: hadithi ikikwama, mhusika anagonga kichwa.

Hoja ya rehema niliiamini kwa miaka mingi. Aliyenitoa huko hakuwa Mjapani.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, na ndani yake akachagua maneno mawili ya Kiswahili kubeba nadharia yake ya wakati: sasa na zamani. Sasa, kwa Mbiti, si dakika hii tu. Ni eneo lote la maisha ambalo walio hai wanalishika kwa uzoefu wao. Mtu akifa hatoki humo mara moja. Maadamu yupo hai mtu aliyemjua kwa sura na kumwita kwa jina, marehemu bado yumo katika sasa. Mbiti alimwita mfu aliye hai. Siku anapokufa wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu anapozama katika zamani, bahari isiyo na majina. Wanazuoni wengi walibishana na Mbiti, hasa kuhusu aliyoyasema juu ya wakati ujao, na ubishi huo una haki yake. Lakini ile picha ya mfu anayeishi ndani ya kumbukumbu ya aliye hai sijapata ya kuishinda.

Sasa mweke Locke ndani ya picha hiyo. Kwa sisi wengine, sasa ina ukomo wa vizazi vichache. Bibi aliyemjua nyanya yake anakufa, na nyanya anazama. Asiyekufa anavunja hesabu hiyo. Maadamu Locke anakumbuka, mkulima aliyempa maji ya kunywa miaka mia sita iliyopita bado yumo katika sasa. Mtoto aliyefia mikononi mwake katika vita ambavyo hata wanahistoria wa Shirikisho wamevisahau, bado yumo. Hakuna jiwe wala daftari lililobaki na majina yao. Kichwa cha kijana mmoja mwenye nywele za kijani ndicho makaburi yao na ndicho nyumba yao, na wote wamo humo wakiwa hai kwa namna ya Mbiti.

Kisha mwili unarudi utotoni, na usiku mmoja wote wanazama.

Kwa hiyo siwezi tena kuiita rehema. Ni rehema kwa mmoja. Kwa wale wengine ni kufa mara ya pili, na safari hii hakuna matanga, hakuna wa kusema pole, wala hakuna ajuaye kwamba kuna msiba. Locke mwenyewe hajui. Anacheza uani mwa watu waliomwokota, mtoto mwema mwenye macho ya upole, na nyuma yake kuna umati uliokatiwa kamba.

Mtu ataniambia: lakini tabia yake haipotei. Akisahau kila kitu, Locke bado ni Locke, bado anamkimbilia mnyonge, bado anachukia kuua. Ni kweli, na sayansi ya ubongo ina jambo la kusema hapa. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini kuanzia hapo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Daktari akitoka chumbani na kurudi, ilimbidi ajitambulishe upya. Hata hivyo mtafiti Brenda Milner alipompa zoezi la kufuatisha mistari ya nyota kwa kuutazama mkono wake kwenye kioo, Molaison aliboreka siku hadi siku, huku kila siku akidai ndiyo mara yake ya kwanza kuliona zoezi lile. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hana habari. Milner alionyesha kwamba kumbukumbu si ghala moja. Mazoea yana chumba chao, matukio yana chao.

Kwa hiyo si ndoto kwamba wema ukishakuwa mazoea unaweza kubaki mwenyewe ameshasahau alivyoupata. Hapo Yuki Hijiri, mchoraji na mtunzi wa Locke, yuko kwenye ardhi imara, na napenda sana imani yake hiyo kwamba upole ni kitu cha mkono kama ufundi wa seremala.

Ila mazoea hayawezi kubeba ahadi. Anayesahau anaweza kuwa mkarimu kwa yeyote atakayekutana naye kesho, na bado hawezi kutimiza alichomwahidi mtu mmoja jana. Ahadi ina jina na ina siku. Nikikuahidi nitamlea mwanao, kisha nikasahau, nikawa mwema kwa watoto wote wa mtaa isipokuwa huyo wako aliyehamia mji mwingine, wema wangu haujakulipa wewe chochote. Upole wa Locke unavuka kila kifo chake kidogo. Neno lake halivuki. Ndiyo maana ninapomwona amejitenga na kondoo wake najiuliza kama huyu ni mtu anayekwepa kuahidi, kwa kuwa anajua kinga yake ya kifo ndiyo hiyohiyo itakayomfanya siku moja awe mvunja ahadi bila kujua.

Filamu ya 1984 haimwonyeshi Locke akisahau, na hapo wengi wanaitoa kwenye mjadala huu. Mimi naona imo katikati. Imetokana na sehemu ya manga, hadithi ya katuni za kuchorwa kurasani, inayoitwa Karne ya Mchawi, na mchawi mwenyewe ni Lady Kahn, mwanamke mwenye mali na siri, anayewakusanya vijana wenye nguvu za akili ili ajenge utawala wao wa miaka elfu. Silaha yake kali kuliko zote ni msichana, Jessica Olin. Jessica amekuzwa akiamini kwamba Locke ndiye aliyewaua wazazi wake. Kumbukumbu hiyo ni ya uongo, imepandwa. Na inapofaa kwa mpango, msichana huyohuyo anafutiwa hata alichonacho, anapewa nafsi nyingine, anatumwa karibu na Yamaki, na wanapendana.

Angalia jinsi Hijiri alivyopanga watu wake. Upande mmoja yupo asiyekufa ambaye mwili wake unaweza kumnyang'anya kumbukumbu wakati wowote. Upande wa pili yupo msichana wa miaka michache ambaye kumbukumbu yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Na juu yao yupo mwanamke anayetaka miaka elfu isiyosahau chochote, ambamo kila kisasi kitalipwa na kila cheo kitabaki na mwenyewe. Uovu wa Lady Kahn hauko katika kupanda uongo tu. Anaitumia kumbukumbu kama mali ya kugawa: huyu mpe chuki, yule mfutie, yule mwingine mwachie kidogo ili atii. Yamaki anampenda mwanamke ambaye, kwa maana fulani, hayupo. Swali ambalo filamu inaliacha wazi linanisumbua: mapenzi ya Jessica alipokuwa hajijui ni ya nani? Kama yale ya mkono wa Molaison yalikuwa kujifunza kwa kweli, basi na haya yalikuwa mapenzi ya kweli. Mimi nasimama hapo, ingawa najua rafiki zangu kadhaa hawakubali.

Kuna kazi nyingine ya zama hizo ambayo lazima iwekwe pembeni ya Locke, nayo ni Terra e... ya Keiko Takemiya, manga ya kati ya 1977 na 1980, iliyofanywa filamu na studio ya Toei mwaka 1980 na tamthilia ya televisheni mwaka 2007. Katika ulimwengu wa Takemiya watoto wanazaliwa kwenye mitambo, wanalelewa na wazazi wa kupangiwa, na wakifika umri wa miaka 14 mashine ya utawala inawafuta kumbukumbu za utoto ili waingie utu uzima wakiwa watiifu. Wenye nguvu za akili, wanaoitwa Mu, wanawindwa. Kiongozi wao, Soldier Blue, ana karne tatu hivi na uso wa kijana, kama Locke. Lakini Blue anajua atakufa, na kwa kuwa anajua, anafanya lile ambalo Locke hajawahi kulazimika kulifanya: anamkabidhi kijana Jomy kumbukumbu zake. Mzigo wa karne tatu unahama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine.

Katika hili Takemiya kamshinda Hijiri, nasema bila kusita. Ameona kwamba kumbukumbu ya watu ikihifadhiwa kwa mtu mmoja, hata awe na nguvu kiasi gani, haiko salama. Inabidi irithishwe. Blue alikufa lakini wafu wake hawakuzama. Locke hafi, na wake wanazama.

Hijiri alizaliwa mwaka 1949, Takemiya 1950. Ni kizazi cha Wajapani waliozaliwa vita vimekwisha, wakalelewa na wazazi waliovipitia, katika miji iliyojengwa upya kwa kasi juu ya majivu. Sitaki kuzibana hadithi zao ziwe mafumbo ya vita. Watunzi wana haki ya kutunga sayari bila kuulizwa baba zao walikuwa wapi mwaka 1945. Lakini siwezi pia kufumba macho. Kizazi hicho kimetuachia katuni nyingi kupita kawaida ambamo vijana wanagundua kwamba waliyofundishwa kuhusu jana yao si yaliyotokea. Na nguvu za akili hazikuwa mtindo wa katuni peke yake. Mwaka 1974 Uri Geller, Mwisraeli aliyedai kuwa na nguvu hizo, alikwenda Japani, akaonekana kwenye televisheni akipinda vijiko, na nchi nzima ikashikwa na homa hiyo. Locke wakati huo alikuwa tayari na umri wa miaka saba: Hijiri alianza kumchora mwaka 1967, akiwa bado kijana mdogo, katika magazeti ambayo wapenzi wa katuni walijichapishia na kupeana wenyewe kwa wenyewe.

Kutoka huko alihamia Shōnen King, jarida la wavulana, mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndipo umaarufu ulipompata. Jarida lilifungwa mwaka 1988. Locke akahamia kwingine, na kwingine tena, Young King OURs, Comic Flapper. Katikati zikatoka katuni za kanda za video, Lord Leon mwaka 1989 na nyingine mbili, 1991 na 2000. Hizo sitazikalia. Lord Leon ni nzuri kwa sababu ya kisasi cha Leon mwenyewe. Zilizobaki ni za mashabiki.

Jambo la kuzungumza kuhusu manga yenyewe ni mpangilio wake. Hijiri hakusimulia maisha ya Locke kwa mfuatano. Alichora karne ya mbali, akarudi miaka mia nyuma, akaruka tena mbele, akajaza pengo aliloliacha miaka kumi iliyopita. Anayeingia leo anakuta falme zilizokwisha anguka kabla hajasoma zilivyosimama. Anakutana na mtu kaburini kwanza, kisha baada ya juzuu kadhaa anamkuta akicheka. Kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa kero. Nilitaka jedwali la miaka, nianzie mwanzo niishie mwisho, kama mtu anayesoma kitabu cha historia.

Sasa naona kero ile inafanya kazi ambayo shujaa ameshindwa. Locke akikutana na mwanamke katika hadithi moja, na mimi nimekwisha kumjua bibi wa bibi yake katika hadithi nyingine, anayeushika ule uzi ni mimi. Yeye amesahau, mimi sijasahau. Hijiri amempokonya shujaa wake kazi ya kukumbuka na kuiweka mapajani mwa msomaji, bila kumwambia. Hapo ndipo anapomfikia Takemiya kwa njia ya mzunguko. Blue alimrithisha Jomy. Locke amerithisha nje ya ukurasa.

Kwetu kazi hiyo tunaifanya kwa majina. Mimi nina jina la babu mzaa baba, niliyemwona mara mbili tu nikiwa mdogo. Mbiti alitoka kwa Wakamba, ambao nao huwapa wajukuu majina ya wazee, na haihitaji falsafa kubwa kuelewa kwa nini. Nikiitwa, anaitwa. Shangazi yangu mkubwa hata leo akinisalimia ananiita "baba", na ananipa shikamoo ya mzaha ambayo ndani yake hakuna mzaha hata kidogo. Mtu aliyezaliwa na kuzaliwa tena ndani ya mwili uleule, kama Locke, hana mahali pa kuweka jina la mwingine. Kila mara anaanza na la kwake.

Yuki Hijiri alifariki Oktoba 2022. Alikuwa amemchora Locke kwa miaka hamsini na mitano, na Locke hakuzeeka hata siku moja kati ya hizo. Habari ile iliniuma kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa nilitambua jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote: aliyemkumbuka kila mtu katika ulimwengu ule, kila mkulima na kila mwanajeshi, karne zote kwa mpigo, alikuwa mzee mmoja huko Japani mwenye kalamu.

Wiki ile nilichukua daftari la shule, la kurasa tisini na sita, nikaanza kusoma upya kutoka popote, bila kujali mfuatano. Naandika jina la kila mtu aliyewahi kukutana na Locke, na pembeni karne yake, na neno moja kuhusu alichofanya. Nimefika nusu ya daftari. La kwanza ni Ryu Yamaki, aliyepanda mlima kumfuata mchunga kondoo.